Mistari Minne Mitupu

Ilianza Alhamisi, saa nne na robo asubuhi, kwa saa ya ukutani ya ofisi ya kata. Najua kwa sababu niliikodolea macho saa ile muda wote ambao nilipaswa kuwa nasema.

Nilikuwa nimekaa na bibi yangu mzaa baba mbele ya meza ya mtendaji wa kata. Nyuma yetu kulikuwa na benchi lenye watu kama sita wanaosubiri na shida zao, na pembeni karani anapanga mafaili. Bibi alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na sweta la marehemu babu. Mimi nilikuwa na sare ya shule. Nilimsalimia mtendaji shikamoo nikiwa nimeinama kiasi kwamba sidhani kama alisikia, maana hakuitikia.

Shida yetu ilikuwa ndogo ukiieleza haraka. Nina majina mawili ya kwanza. Cheti changu cha kuzaliwa kina jina la kwetu, alilonipa baba, likifuatiwa na la kwake na la babu. Vyeti vya shule, tangu msingi mpaka sasa kidato cha nne, vina jina la ubatizo. Mwalimu wa taaluma alipokuwa anaandaa orodha ya watahiniwa akaona karatasi mbili za mtu mmoja zinazosema watu wawili. Akanipa fomu: mlezi aende kwa mtendaji, atamke kwamba huyu ni yule, mtendaji aandike barua na kugonga muhuri. Orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Ambaye jina lake halijanyooka, alisema, atasubiri mwaka mwingine.

Kijijini kwetu nawajua wasichana wawili walioambiwa wasubiri mwaka mwingine, kila mmoja kwa sababu yake. Hakuna aliyerudi. Hawakufukuzwa na mtu. Mwaka mwingine ulipofika kila mmoja alikuwa ameshika jembe na kitu kingine cha kumzuia. Niliyafikiria hayo njia nzima ya kuteremka, lakini sikumwambia bibi.

Mtendaji si mtu wa milimani. Aliletwa kwetu mwaka huu kutoka mbali, na watu wanasema ana haki, ila hacheki ovyo. Alisoma fomu, akamuuliza bibi mimi ni nani wake. Bibi akajibu vizuri kabisa: mjukuu wake, mtoto wa mwanawe wa kwanza, aliyefariki mimi nikiwa darasa la pili. Naishi naye tangu hapo.

"Anaitwa nani?"

Bibi akataja jina la ubatizo.

"Hilo tunalo, limeandikwa hapa. Nataka lile la kwenye cheti cha kuzaliwa. Alipozaliwa aliitwa nani?"

Bibi akanyamaza. Mtendaji akarudia swali, taratibu zaidi, kwa sauti ile watu wanayoitumia kwa wazee wasiosikia. Bibi husikia hata kuku akiingia shambani kwa jirani. Akasema polepole, "Mimi namwita mama."

Kwenye benchi mtu mmoja akacheka. Mwanaume mmoja akasema basi kazi imekwisha, mheshimiwa aandike Mama, agonge muhuri, na sisi tuhudumiwe. Wakacheka wengine. Mtendaji hakucheka. Aliuliza mara ya tatu. Bibi akageuka akanitazama. Mimi nikatazama saa. Mshale wa dakika ulikuwa umepita robo kidogo. Bibi akafungua fundo la kitenge chake, akalifunga tena, akanitazama tena. Niliona kwa pembe ya jicho. Sikugeuka.

Mtendaji akaweka kalamu chini. Alisema bibi amechoka, na uzee hauna aibu, lakini yeye hawezi kuandika kwamba mlezi amethibitisha jina ambalo mlezi mwenyewe halijui. Tulete ndugu mwingine, au turudi kesho asubuhi akiwa amekumbuka. Mahali pa kuandika jina kwenye fomu palibaki patupu. Akanirudishia.

Nje bibi aliniambia neno moja tu, niende shule nisichelewe zaidi. Akapanda njia ya mashambani, mkono nyuma ya kiuno kama anavyopanda siku zote. Nikabaki nimesimama na fomu. Kwa kweli, jambo lililoniuma zaidi pale halikuwa mtihani. Niliwaza kwamba bibi amenisahau.

Dalili nilikuwa nimeziona. Mwezi ule alitia chumvi kwenye maharage mara mbili. Jumapili moja alizunguka nyumba nzima akimtafuta kuku ambaye tulimla Pasaka. Nilikuwa nimevificha vitu hivyo moyoni kama mtu anavyoficha sahani aliyovunja, nikitumaini nikivinyamazia vitaisha. Na sasa mtu wa serikali alikuwa ameviona, na benchi zima limecheka.

Mama yangu yupo hai. Anaishi Tanga, ana ndoa nyingine na watoto wengine, tunazungumza kwenye simu sikukuu zikifika. Nilifikiri kumpigia. Lakini fomu ilisema mlezi, na kumtoa mtu Tanga mpaka huku juu kwa siku moja ni jambo la kuomba kwa sauti kubwa. Sauti hiyo sikuwa nayo.

Saa tisa alasiri tulikuwa na klabu ya kompyuta. Niseme ukweli, ndicho kitu pekee shuleni ninachokiendea bila kusukumwa, kwa sababu kompyuta haikuulizi kitu mbele za watu. Tupo wanane. Madam wetu, anayefundisha hisabati na kompyuta, alikusanya mashine tano za zamani zilizokuwa stoo, akazisafisha vumbi, akaziunganisha kwa waya zifanye kazi moja kwa pamoja. Tatu kati ya hizo zinanguruma kama jiwe la kusagia. Kukiwa na baridi tunakaa karibu nazo.

Kazi tuliyozipa ni ya mvua. Baba yake madam analima chai Mponde, na kila asubuhi anapima mvua iliyonyesha usiku na kumsomea bintiye kwenye simu. Mtae, upande wa pili wa milima, yupo mwalimu mstaafu anayefanya vivyo hivyo. Madam ana madaftari ya vipimo hivyo ya miaka mingi, na tunataka kujua mvua ikianza upande mmoja inachukua siku ngapi kufika upande wa pili. Hesabu yenyewe kompyuta moja ingeimaliza. Madam anasema hilo analijua, yeye anataka tujifunze kugawana kazi.

Namna zinavyogawana ndiyo niliyoipenda tangu siku ya kwanza. Kila kompyuta ina kumbukumbu yake, na haioni iliyomo kwenye kumbukumbu ya mwenzake. Ikihitaji kitu alichonacho jirani, lazima jirani atume ujumbe, na yenyewe iwe tayari kupokea. Haziibiani wala hazikisii. Amri za kutuma na kupokea zimeshaandikwa na watu wengine, zikawekwa pamoja kwenye kitu kinachoitwa maktaba, ingawa hakina kitabu hata kimoja. Sisi tunaziita tu kutoka kwenye programu yetu. Kompyuta zinahesabiwa kuanzia sifuri. Sifuri na moja tulizifanya kundi la vipimo vya Mtae, mbili na tatu na nne kundi la vipimo vya Mponde.

Tatizo letu wiki ile lilikuwa kwamba programu ilianza vizuri, halafu ikakwama. Haikusema kosa, ilinyamaza tu. Mashine zinanguruma, kioo hakisogei. Madam akasema kwanza tujue ni kundi gani limekwama, na mimi nikapewa kazi ya kuyapa makundi majina, kisha kila mashine iulizwe jina la kundi lake na kuliandika kwenye kioo. Makundi yenyewe hayahitaji majina. Kompyuta zinayatambua kwa alama zao za ndani, na jina halibadilishi hesabu hata kidogo. Jina ni kwa ajili yetu sisi watu, tukitazama tujue tunatazama nini.

Kuna amri ya kutia jina na amri ya kulitoa. Hii ya kulitoa inaitwa MPI_Comm_get_name, na ina adabu yake: kabla hujauliza, uwe umeandaa mahali pa kulipokelea, pawe papana vya kutosha, maana maktaba haikupi jina mkononi, inalinakili pale ulipopaandaa. Halafu inakuambia lina herufi ngapi. Madam alitufundisha kulizungushia jina mabano linapoandikwa, ili kama ni tupu tuone utupu wake.

Alhamisi ile nilikuwa nimeiandika yote. Nikaendesha. Kioo kikaonyesha mistari mitano. Wa kwanza, wa namba sifuri, ulisema [Mtae]. Minne iliyofuata ilikuwa hivi: [] na [] na [] na [].

Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hanionei ila ulimi wake haukai, akasema hizo nne hazina wazazi. Mwingine akauliza zimefundishwa na nani. "Na huyu," akasema wa kwanza, akininyooshea kidole, "ndiyo maana hazisemi." Nikacheka nao. Huwa nacheka nao, inapita haraka zaidi.

Nilimwambia madam mashine nne ni mbovu. Akavuta kiti.

"Hakuna mbovu hapa. Tazama namba ya mwisho ya kila mstari."

Namba ya mwisho ni ile idadi ya herufi. Ya sifuri ilikuwa nne. Za nyingine zote zilikuwa sifuri.

"Amri imefanikiwa kwenye zote tano," madam akasema. "Umeuliza jina, zimekujibu kwa heshima kwamba hapa hakuna. Sasa nionyeshe ulipotia jina."

Nikamwonyesha. Nilikuwa nimelitia ndani ya sehemu ya programu inayofanywa na namba sifuri peke yake, ile sehemu ya kufungua faili na kusoma vipimo. Nilifikiri ukishalipa kundi jina, kundi limepata jina. Madam akasema sivyo. Jina halisafiri. Hakuna ujumbe unaolibeba. Ukilitia kwenye mashine moja, liko kwenye mashine hiyo tu, na ukiuliza nyingine, haijui, na haikosei kutojua. Hata ukitengeneza nakala ya kundi, nakala inaanza bila jina, lazima utie upya. Kila mashine inatiwa jina nyumbani kwake.

Nikahamisha ule mstari, nikautoa nje ya sehemu ya sifuri, nikaweka kila kundi na jina lake. Nikaendesha tena. [Mtae], [Mtae], [Mponde], [Mponde], [Mponde]. Mistari miwili ya juu ikasema imemaliza. Mitatu ya chini ikabaki. Sasa tulijua ni Mponde.

Madam akasoma sehemu ya Mponde kwa kidole. Akaonyesha namba mbili na namba tatu. Namba mbili ilikuwa imeandikiwa isubiri kupokea kutoka kwa tatu, ndipo itume. Namba tatu ilikuwa imeandikiwa isubiri kupokea kutoka kwa mbili, ndipo itume.

"Kila moja inangoja mwenzake aanze," akasema. "Hakuna iliyoharibika wala iliyosahau. Zitakaa hivi mpaka umeme ukatike."

Nikauliza ni ipi inapaswa kubadilishwa.

"Yoyote. Ila moja ianze."

Kengele ikalia kabla sijagusa kitu. Wenzangu wakatoka. Madam akaniuliza kuhusu barua ya mtendaji, maana mwalimu wa taaluma alishawaambia walimu nani bado. Nilikuwa nimejiandaa kusema kesho. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema bibi amesahau jina langu. Nikalia. Sipendi kuandika hilo lakini ndivyo ilivyokuwa.

Madam hakunishika bega wala nini. Alizima mashine moja moja, na chumba kikawa kimya.

"Amekuambia amesahau?"

"Hapana. Hakusema kitu."

"Basi bado hujui. Kamuulize yeye, usiulize kunyamaza kwake."

Nilipanda nyumbani ukungu ukiwa umeshaanza kushuka kwenye miti ya juu. Nilipofika, bibi alikuwa amekaa jikoni kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua maharage. Jua lilikuwa bado halijazama lakini jikoni kwetu huwa giza mapema, na moto ndio uliokuwa unamwangaza upande mmoja wa uso. Nikamsalimia, akaitikia. Nikavua viatu, nikakaa chini, nikachota maharage nami. Tukachambua kitambo. Yeye anatupa mawe mlangoni bila kutazama na hayamgongi kuku hata mmoja.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yakapotea, likabaki lile moja.

"Bibi, mimi naitwa nani?"

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Na wewe leo umekuwa mtendaji?"

"Nauliza tu."

"Unaulizia nini kitu unacho?"

Nikamwambia watu pale ofisini walidhani amesahau. Akauliza watu gani. Nikasema mtendaji. Akauliza, "Na wewe?" Nikachambua maharage mawili, matatu. Hakuuliza tena, alingoja. Nikasema na mimi nilidhani hivyo.

Akaendelea na kazi. Kwa muda niliogopa kwamba nimemvunja moyo kwa namna isiyotengenezeka. Halafu akaanza kusema, nusu Kiswahili nusu Kishambaa, kama anavyosema mambo yanayotoka mbali. Mengi nayasimulia kwa maneno yangu.

Jina langu ni la mama mkwe wake. Hilo nilikuwa nalijua, kwamba nimerithi jina la mama yake babu, ambaye nilipozaliwa alikuwa ameshakufa. Nilijua pia kwamba wanawake wa zamani hawataji majina ya wakwe zao. Vitu hivi viwili nilikuwa navyo kichwani kila kimoja peke yake, na sikuwahi kuviweka pamoja. Niliamini ananiita mama kwa mapenzi, kama bibi wengine wanavyowaita wajukuu zao wa kike. Sikujua ananiita hivyo kwa sababu ya heshima ya mtu mwingine.

Aliletwa nyumba hii, alisema, akiwa na umri kama wangu. Tangu siku hiyo jina lile halijapita mdomoni mwake. Siku walipomzika yule mama, mchungaji alipolisoma jina kaburini, yeye alitazama chini, kwa sababu hata kulisikia mtu analisikia ameinamisha kichwa. Baba aliponizaa akamletea habari kwamba mtoto amepewa jina hilo. Bibi akamsihi atafute jingine, vinginevyo yeye mtoto huyu atamwita nani. Baba akamwambia atamwita mama, si ndivyo alivyokuwa akimwita yule mwingine. Bibi alisema hivyo akacheka kidogo, na mimi nikamwona baba, ambaye sura yake siku hizi huwa naikosa.

"Ulipokuja huku mdogo ukawa unapotea mashambani, nikawa napita naita mama, mama," akasema. "Wanawake wote wa bonde lile wanaitika. Wewe peke yako huitiki."

Ndipo nikaelewa na jambo la shule. Tulikuwa tukiishi Korogwe, ambako baba alifanya kazi. Alipofariki nikaletwa huku, na bibi ndiye aliyenipeleka kuandikishwa shule mpya. Mwalimu akamuuliza jina la mtoto. Hakukuwa na mtu wa kumsaidia. Akataja jina analoweza kulitaja, lile la ubatizo, na ndilo nililotembea nalo tangu siku ile. Aliyekuwa analitaja lile jingine alikuwa baba, na baba hakuwepo. Miaka yote hii jina langu halikuwa limesahaulika. Halikuwa na mtu wa kulisema, basi. Hata mimi mwenyewe sikukumbuka mara ya mwisho kulisema kwa sauti.

Nikamuuliza sasa kule ofisini tungefanyaje. Hapo ndipo aliponitazama usoni.

"Mwanamke akiulizwa jina la mkwe wake, mtoto aliye karibu analitaja, yeye anasema ndilo. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Baba yako alikuwa analitaja hata kabla sijageuza kichwa. Leo nimekutazama mara mbili. Wewe unatazama saa."

 Nilikuwa nimebeba mchana kutwa huzuni ya kwamba nimesahauliwa, na kumbe yeye ndiye aliyekaa mbele ya lile benchi akichekwa, akinisubiri mimi. Mimi nilikuwa nasubiri aanze yeye. Tungekaa vile mpaka ofisi ifungwe. Kosa halikuwa la umri wake. Lilikuwa la aibu yangu, ambayo nimezoea kuiita tabia njema kwa sababu watu wazima wanaisifia.

Nikamwomba msamaha. Akasema maharage yatachelewa kuiva. Baadaye, tukiwa tunakula, akaniambia kwamba chumvi ni kweli anasahau, na yule kuku pia. Anajua. Akasema ikifika siku atakaposahau na mengine, nisimfiche, nimwambie. Nikasema sawa. Hilo nalo nalikumbuka kuliko mengine yote ya jioni ile, pengine kwa sababu ndilo pekee ambalo halikuwa na dawa.

Ijumaa niliamka kabla yake, nikaenda kuteka maji. Bombani hapakuwa na mtu. Ndoo ilipokuwa inajaa nikalitaja jina langu mara moja, kwa sauti ndogo, nione kama bado linatoka. Lilitoka, ila lilisikika kama la mtu mwingine. Jirani akatokea na ndoo zake akanisalimia kwa Kishambaa, onga maundo, nikaitikia niwedi, kwamba ni mzima, nikajitwisha maji nikaondoka haraka, kama niliyefumaniwa.

Saa mbili tulikuwa mlangoni pa ofisi ya kata. Benchi lilikuwa na watu wengine, ila yule mwanaume wa jana alikuwepo tena, shida yake nayo haikuwa imeisha. Nikamsalimia mtendaji shikamoo na safari hii akaitikia. Akachukua fomu, akamgeukia bibi.

"Haya bibi, umekumbuka?"

 Bibi aligeuza kichwa akanitazama.

Nikalitaja. Sauti ilikatika katikati, na mtendaji akasema hajasikia, nirudie.  Nikalitaja tena, lote, na la baba na la babu nyuma yake, kwa nguvu kupita nilivyokusudia. Karani akainua macho kwenye mafaili yake. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama sakafu, mikono yote miwili juu ya fundo la kitenge.

"Ndilo?" mtendaji akamuuliza.

"Ndilo," bibi akasema. "Ndiye."

Mtendaji akauliza kama mtoto alikuwa analijua, kwa nini jana mlezi alishindwa. Bibi akanitazama tena, na nikajua hilo pia ni langu. Nikamweleza: kwamba ni jina la mama mkwe wake, kwamba kwetu mkwe hatajwi, kwamba mimi ndiye niliyepaswa kusema na sikusema. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu mwenye ofisi. Alinitazama, akamtazama bibi, akasema kumbe. Kisha akamwomba radhi, akimwita mama, na akaandika. Yule mwanaume wa benchi akasema taratibu kwamba hata kwake nyumbani mkewe yuko hivyo hivyo, na jana asingecheka kama angejua. 

Muhuri ulipogongwa tukatoka. Kwenye njia panda bibi akasimama kupumua.

"Umepiga kelele kidogo," akasema. Halafu akasema, "Haya mama, wahi shule."

Nilikimbia sehemu za kuteremka na kutembea za kupanda. Kabla ya saa nne barua ilikuwa mezani kwa mwalimu wa taaluma, naye akaandika majina yangu kwenye orodha huku mimi nimesimama pale pale nikitazama kalamu, si saa. Kisha, kwa kuwa kipindi kilikuwa hakijaanza, nikaenda kumwomba madam ufunguo wa chumba cha kompyuta. Nikawasha mashine tano, nikangoja zimalize kelele zao za mwanzo, nikafungua programu kwenye sehemu ya Mponde. Nikachukua mistari miwili ya namba mbili nikaibadilisha nafasi, ili yenyewe itume kwanza ndipo ipokee.